Adapta Iliyonionyesha Jina la Mdogo Wangu

"Mpige! Mpige tena!"

Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Mume wangu alikuwa ameshika kipande cha mbao ngumu, kile cha kuchongea miguu ya kitanda, na kila alipokishusha nilisikia mlio mbaya... kah!... mlio wa mbao ikikutana na mfupa.

Aliyekuwa chini ni mume wa mdogo wangu.

Jicho moja lilikuwa limeshafumba. Damu ilikuwa inamtoka puani, inaingia mdomoni, anaitema, inarudi. Akajikokota kwa viwiko hadi karibu na miguu yangu.

"Dada... nakuomba dada... mimi sijui alipo..."

Nikamtemea mate.

Ndiyo, umesoma vizuri. Nilimtemea mate mtu aliyelala chini anavuja damu. Usinihukumu kwanza. Ngoja nikurudishe asubuhi ya siku ile, maana balaa lote lile lilianza na kitu kidogo mno...

Waifai!

Mimi kazi yangu ni kuandika sauti. Watu wananitumia rekodi za mikutano, mahojiano, kesi, mimi navaa spika za masikioni, nasikiliza, naandika neno kwa neno, natuma. Nafanyia nyumbani, chumba cha uani, meza iko chini ya dirisha.

Intaneti naidandia kwa kaka yangu. Kaka ana duka la kuchapisha na kutoa kopi pale barabara inapokata kona, kanipa neno lake la siri, basi natumia bure. Tatizo chumba changu kiko mbali na kimezungukwa na kuta nene. Mtandao ulikuwa unakuja kama mgonjwa. Kistari kimoja... unapotea. Kistari kimoja... unapotea. Faili natuma asubuhi, linafika mchana limechoka.

Siku ile Kaka akaja na kiboksi.

"Shika. Adapta ya waifai. Nimechoka kusikia malalamiko yako."

"Si laptop ina waifai yake ndani?"

"Ya ndani ni kaantena kadogo, kamefichwa chini ya kioo huko. Kanasikia cha jirani tu. Hii unaichomeka ubavuni, ina antena yake kubwa, unaiweka dirishani mbali na ukuta, unaielekeza dukani. Inasikia mbali, na inasikika mbali."

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa niite. Usiite fundi mwingine akuharibie."

Akaondoka zake anacheka.

Kabla sijaendelea, lazima umjue mdogo wangu.

Sisi tunamwita Cherehani. Kwanza kwa sababu ni fundi wa kushona, pili kwa sababu akianza kuongea hakatiki, trrrrr mpaka uzi uishe. Ameolewa na dereva wa lori, mtu mpole, mkimya, hata ukimkanyaga anakuomba radhi yeye. Wanakaa mtaa uleule, ng'ambo ya karakana ya mume wangu. Mume wangu ni seremala.

Basi... Cherehani alikuwa amepotea.

Wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Aliaga anatoka mara moja, hakurudi. Jioni yake sote tukapokea meseji kutoka kwenye simu yake: "Nimempata anayenijali. Msinitafute." Kisha simu ikazimwa moja kwa moja.

Polisi walisema huyu ni mtu mzima, ameaga, tufanyeje? Mama akajifungia ndani kwa aibu, hataki kuona watu. Dereva alikonda mpaka suruali zikawa zinamvuka. Mume wangu ndiye aliyekuwa anatufariji wote.

"Acheni kulia. Mwanamke akishaamua kuondoka, ameondoka."

Maneno hayo aliyasema mezani kwangu, huku anakula.

Sawa. Turudi kwenye adapta.

Nikaichomeka. Nikaiweka dirishani. Nikafungua orodha ya mitandao...

Jamani! Nilizoea kuona majina mawili matatu. Sasa yalikuwa yanamiminika! Duka la Kaka vistari vimejaa mpaka juu. Kliniki ya meno. Shule. "Usiibe Bando Langu." Nikawa nacheka peke yangu, nateremka taratibu kusoma majina ya watu.

Nikafika chini kabisa.

Kistari kimoja, dhaifu, kinakuja na kwenda.

CHEREHANI NIKO HAI



Nikasoma tena. Nikafuta kioo cha laptop kwa kanga, kama vile maneno yale yalikuwa uchafu. Yakabaki palepale.

Nikasema, labda ni mtu anatania. Lakini nani mtaani anamtania mtu kwa jina la nyumbani kwetu?

Jina likapotea. Nikaanza kuizungusha ile antena kama mwehu, kulia, kushoto. Nikiielekeza dukani, hakuna kitu. Nikiielekeza mbele, kule karakana iliko na nyumba ya Dereva nyuma yake... likarudi! Vistari viwili!

Ila sasa lilikuwa jina jingine.

SHEMEJI KANIFUNGIA STOO

Nilipiga ukelele mpaka koo likauma.

Shemeji! Dereva! Yule mpole! Yule anayelia mbele ya mama yangu, kumbe amemfungia mdogo wangu stoo kama gunia la mkaa!

Nikampigia mume wangu. Akapokea, nyuma yake msumeno unanguruma.

"Nimemwona Cherehani!"

Msumeno ukazimwa.

"...Umemwona wapi?"

"Kwenye laptop! Ameandika kwenye jina la mtandao, hotspoti ya simu! Anasema shemeji kamfungia stoo!"

 

"Nani mwingine ameona?"

"Bado! Ndiyo nataka nimpigie Kaka, nipige na polisi..."

"Polisi hapana! Mpaka waje atakuwa ameshamuua. Nakuja."

Wakati anakuja, nikampigia Kaka. Vidole vyangu havikumngoja mtu.

Mume wangu aliingia anahema, ile mbao ya kitanda iko mkononi. Akainama, akasoma kile kioo. Niliona mshipa wa shingo yake ukicheza.

"Huyu Dereva ni muuaji," akasema polepole. "Muuaji kabisa. Funga hiyo laptop, twende."

"Kaka naye anakuja, atatukuta huko."

Akanigeukia haraka. Nikadhani atanizaba kofi. Kisha akatabasamu, tabasamu la ajabu.

"Vizuri. Tuwe wengi."

Sikuifunga laptop. Niliikumbatia kifuani na adapta yake ikining'inia, nikatoka mbio.

Njiani mume wangu alikuwa anapaza sauti kama mnadi. "Jamani tokeni! Dereva kamfungia mkewe ndani! Kamfungia kama mbwa!" Watu wakatoka. Wa saluni wakatoka na vitana mikononi. Vijana wa kuosha magari wakaacha maji yanamwagika. Tulipofika kwa Dereva tulikuwa umati.

Alikuwa uani kwake, ameinama chini ya lori anakaza nati. Akatoa kichwa.

"Karibuni... kuna nini?"

Kah!

Pigo la kwanza lilimkuta na neno "karibuni" bado liko mdomoni.

Nadhani sasa umefika pale nilipoanzia. Mateke. Ngumi. Mtu mmoja alimkanyaga vidole kwa kisigino, nikavisikia vikilia. Mwingine akang'oa jiwe kwenye bustani. Na mimi, dada wa kuheshimika, mtu wa kazi ya kukaa kimya na kusikiliza, nilikuwa mbele nashangilia.

Vijana wakavunja mlango wa stoo yake.

"Vipi? Yupo?"

"Hakuna mtu!"

Nikaingia mwenyewe. Kulikuwa na matairi ya akiba, madumu, na pembeni, imefunikwa shuka safi, cherehani ya mdogo wangu. Juu yake magauni yake, yamekunjwa vizuri, moja juu ya jingine. Hakuwa amelitupa hata moja.

Nikanyoosha mkono kugusa gauni la juu. Lakini mume wangu akapiga kelele kule nje:

"Kamhamisha! Au kashamzika! Ondokeni, mniachie nimmalize!"

Ndipo Kaka akafika. Alipasua umati kwa mabega, akaja moja kwa moja kwangu, akanipokonya laptop.

"Tulia. Ilikuwa na vistari vingapi kule nyumbani?"

"Viwili..."

"Hapa tuko mbele zaidi, sivyo? Angekuwa humu, vingejaa."

Akaielekeza antena kwenye nyumba ya Dereva. Hakuna jina. Akaizungusha chumba kwa chumba. Hakuna. Kisha akageuka taratibu, akaielekeza kule tulikotoka...

Vistari vikapanda. Kimoja. Viwili. Vitatu.

Kaka alikunja uso. "Iliandikwaje? Nisomee kama ilivyokuwa."

"Shemeji kanifungia stoo."

"Nani kaandika?"

"Cherehani! Si nimekwambia?"

"Sawa. Cherehani anamwita nani shemeji?"

Nikafungua mdomo kujibu...



Shemeji yangu mimi ni Dereva. Shemeji yake yeye...

 Mtu ninayekula kwa kusikiliza maneno ya watu, neno moja tu la mdogo wangu nililisoma kwa mdomo wangu badala ya mdomo wake.

Nikageuza kichwa.

Mume wangu alikuwa amesimama juu ya Dereva, ameinua ile mbao kwa mikono miwili, juu kabisa, analenga kichwa. Alikuwa anatuangalia. Na alikuwa amesikia.

Sijui nilifikaje pale. Nakumbuka tu nimelala juu ya Dereva, nimekifunika kichwa chake kwa mkono wangu... kisha kah!

Mkono wangu ulivunjika. Niliuona umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Ni yeye!" nikapiga kelele. "Ni mume wangu! Cherehani yuko karakana!"

Watu wakabaki wameduwaa, mawe mikononi. Mume wangu akaitupa mbao, akaruka ukuta, akakimbia.

Tukamkimbiza. Mkono wangu ulikuwa unaning'inia, sikuusikia. Alikuwa na mwendo, na karakana ilikuwa jirani. Tulipofika alikuwa ameshaingia, ameweka komeo kwa ndani.

Kisha tukasikia msumeno wa umeme ukiwashwa.

Vvvvvvvvv!

Hapo nikaelewa. Hakuwa anakata mbao. Huo ndio msumeno aliokuwa anauwasha kila siku, mchana kutwa, ili mtu akilia mle ndani asisikike. Ndiyo maana alimwachisha kazi msaidizi wake. Ndiyo maana akawa anataka nimfungashie chakula kingi zaidi, ati kazi ni nzito. Nilikuwa nampikia mdogo wangu bila kujua!

Kaka na vijana wakabeba benchi lililokuwa nje, wakaligongesha mlangoni. Moja! Komeo likalia. Mbili!

Halafu, juu ya mngurumo wa msumeno, ukapanda ukelele.

Ukelele wa mwanamume.

Tatu! Mlango ukaanguka.

Mume wangu alikuwa chini kwenye vumbi la mbao. Patasi ilikuwa imezama kwenye paja lake, isiyo na mpini, imezungushiwa kitambaa. Damu inaruka. Na juu yake, mwembamba kama ufito, nywele zimeshikana, midomo imepasuka... mdogo wangu! Ameshika nyundo ya mbao kwa mikono miwili.

"Kila siku ulikuwa unafungua mlango na rungu mkononi!" Puu! "Leo ulikuwa na haraka, eeh?" Puu! "Leo ulisahau rungu!" Puu!

"Nisaidieni!" mume wangu akalia. "Ataniua!"

Ilibidi Kaka amkumbatie kwa nyuma, amnyanyue. Bado alikuwa anapiga hewa.

Baadaye alitusimulia. Siku ile alipita karakana kurekebishiwa meza yake ya kukatia vitambaa. Shemeji yake akafunga mlango, akamtaka. Akakataa, akamparua, akamwambia, "Namwambia dada leo hii." Ndipo akapigwa kichwani, akaamkia stoo ya karakana. Simu yake ilichukuliwa, na zile meseji tulizosoma zikaandikwa na vidole vya seremala.

Nyuma ya mbao kuukuu mle ndani aliokota vitu viwili: patasi iliyovunjika mpini, na simu mbovu ya karakana iliyokuwa ya kusikilizia muziki, haina laini, kioo kimepasuka, chaja yake imeviringishwa juu yake. Soketi ilikuwapo ukutani. Asingeweza kupiga wala kutuma. Lakini alipowasha waifai aliona jina la duka la Kaka likija na kupotea. Kila akijaribu kujiunga, linamkatalia, simu ile haikuwa na nguvu ya kusikika mpaka huko.

"Nikajiuliza," alisema, "kama mimi naona majina ya watu, si na watu wanaweza kuona langu?"

Akawasha hotspoti. Akawa anabadilisha jina kila mara, anaomba Mungu mtu asome.

Lakini bado tuko karakana, hadithi haijaisha pale.

Umati ulikuwa umefika. Uleule umati, mawe yaleyale.

"Mleteni huyo nje!"

"Leteni petroli!"

"Achomwe na mbao zake!"

Walimburuta kwa mguu uleule wenye patasi. Alikuwa ananiita mimi. Ananiita jina la utani la chumbani mbele ya watu. Mtu mmoja akaja na dumu, na harufu ya petroli ikajaa uwanja mzima. Nilimwangalia yule mwanamume niliyelala naye miaka yote ile, nikageuza uso. Kusema kweli nilitaka aungue.

"Hapana."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini watu waliisikia.

Alikuwa Dereva. Alikuwa ameegemea uzio, uso hautambuliki, anapumua kwa shida. Kaja kwa kujikokota njia nzima, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumbeba. Akasogea, akasimama kati ya mume wangu na lile dumu.

"Mimi leo mmenipiga bila kuniuliza," akasema. "Huyu aulizwe. Apelekwe mahali akaulizwe. Mkimchoma, kesho mtasema tu mlikosea, kama mlivyonikosea mimi."

"Lakini huyu tumemkamata!"

"Na mimi si mlinikamata?"

 Dumu likawekwa chini. Mmoja mmoja wakaanza kuyaachia mawe, kwa siri, kama watu wanaojikung'uta vumbi.

Cherehani alikuwa amemwona mumewe. Akaja, akamshika uso kwa viganja viwili, anagusa pale palipovimba, anagusa jicho lililofumba.  Kisha akauliza:

"Nani kakufanya hivi?"



Watu wakaangalia chini.

"Mimi," nikasema.

Polisi walimchukua mume wangu kwenye machela, pingu mkono mmoja. Aliulizwa, akajibu yote, na yuko ndani mpaka leo. Mimi nilifungwa plasta. Dereva alilazwa. Sikio lake moja halisikii tena, na vidole viwili havikunjiki, kwa hiyo usukani wa lori ameuacha. Siku hizi yuko dukani kwa Kaka, anatoa kopi.

Nilimwendea hospitali kumwomba msamaha. Nilipiga magoti, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Inuka, dada," akasema. "Nimekusamehe. Toka siku ile ulipolala juu yangu nilikusamehe."

Nikalia mpaka nesi akanitoa nje.

Lakini juzi nilipita dukani. Alikuwa amenipa mgongo, anapanga karatasi. Nikamgusa bega kumsalimia... akaruka! Karatasi zikatawanyika chumba kizima. Alijikunyata chini ya kaunta, mikono juu ya kichwa, anatetemeka kama mtoto.



Baada ya muda akatoka. Akaanza kuokota karatasi, hanitazami.

"Dada, ukinijia kwa nyuma uwe unaniita kwanza," akasema taratibu. "Mimi nimesamehe. Mwili wangu ndio bado haujaambiwa."

Ndugu msomaji, hapo ulipo siku moja utaona meseji, picha, au utasikia sauti mtaani ikisema "ni huyu, mkamateni." Na utakuwa na uhakika, kama nilivyokuwa na uhakika mimi. Kabla hujainua mkono, uliza: nani kasema, na alimaanisha nani? Ukishapiga, unaweza kusamehewa na bado usiwe umerekebisha kitu.